Buibui mkavu bafuni: huenda ni gamba tu

Ndugu muulizaji wa Kasarani, umekuta bafuni buibui mkavu akining'inia kwenye utando na mwingine mkubwa zaidi kando yake, nawe unauliza iwapo unyunyize dawa. Ushauri wangu ni kwamba uiweke dawa kando kwanza, kwa sababu huenda una buibui mmoja tu pamoja na gamba alilolivua.

Buibui, sawa na kaa, kamba na panzi, hana mifupa ndani ya mwili. Hushikiliwa na gamba la nje lenye kaitini (dutu inayojenga magamba ya wadudu na jamii zao) na protini, ambalo likishakauka halikui, hivyo hana budi kulivua ili akue. Kitazame kitu hicho mwangani: iwapo sehemu ya juu ya kichwa na kifua imefunguka kama kifuniko, na miguu yote minane ni mitupu hadi kwenye kucha, hilo ni gamba. Buibui aliyekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili, kwani huinyoosha kwa msukumo wa majimaji ya mwilini, na msukumo huo ukiisha hubaki misuli ya kukunja peke yake (ufundi ambao, kwangu, unashinda hata utando).

Huyo aliye hai, ikiwa rangi yake imepauka, usimguse wala kumfagia leo, maana gamba jipya bado ni laini na ni rahisi kumjeruhi. Ukitaka kumhamisha, subiri siku kadhaa, kisha mfunike kwa glasi, upitishe karatasi ngumu chini yake na kumtoa nje.