Kwa nini tunahitaji galaksi za kubuni

Ndugu, umeuliza kwa nini watafiti wanaopima jinsi galaksi zinavyokusanyika angani huhesabu pia galaksi za kubuni wakati wanazo za kweli. Ni kwa sababu ramani ya anga ina mapengo: nyota angavu huziba sehemu, vumbi hufifisha nyingine. Kompyuta hutawanya nukta ovyo, ndizo galaksi za kubuni, ndani ya mipaka ileile, mapengo yaleyale, kisha unalinganisha idadi ya jozi, yaani galaksi mbilimbili zilizoachana kwa umbali fulani, kwa kila umbali. Jozi za kweli zikizidi za kubuni, galaksi kweli zimekusanyika.

Mwaka 2005 mradi wa Sloan wa kuchora ramani ya anga, kwa galaksi nyekundu 46,748, uliona kinundu, yaani ziada ndogo ya jozi, kwenye umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 500: alama ya mawimbi ya sauti yaliyopita ulimwengu ulipokuwa bado mchanga! Ziada yenyewe ni asilimia moja hivi, kwa hiyo nukta za kubuni ziwe nyingi mara kadhaa kuliko galaksi, la sivyo kinundu kitamezwa na bahati nasibu ya nukta hizo.