Cheney na Halliburton
Umeniuliza kama Dick Cheney, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, alikuwa bado bosi wa Halliburton, kampuni ya huduma za mafuta, vita vya Iraki vilipoanza Machi 2003. Hapana mkuu, hakuwa tena. Aliiongoza tangu 1995, akaachia ngazi 2000 alipoteuliwa mgombea mwenza wa George W. Bush katika uchaguzi wa urais. Ila usimsafishe haraka: akiwa Makamu wa Rais bado kampuni ilikuwa inamlipa sehemu ya ujira wake wa zamani, aliokubali kuupokea kidogokidogo. Na KBR, kampuni tanzu ya hiyohiyo Halliburton, ilipewa na jeshi la Marekani kazi ya kuzima moto na kukarabati visima vya mafuta vya Iraki bila zabuni ya ushindani. Kwamba Cheney ndiye aliyeagiza wapewe, hilo halijathibitishwa.

Halafu kuna maneno. Septemba 2001, baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, Bush aliliambia Bunge la Marekani kuwa kila taifa lichague, ama liko nasi ama liko na magaidi. Katika hewa hiyo nani anyooshe mkono kuulizia zabuni? Na silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita zenyewe hazikupatikana.

Nafundisha historia hapa Arusha, na nikipeleka wanafunzi Makumbusho ya Azimio la Arusha pale Kaloleni mada hii haikosi. Miiko ya uongozi ya Azimio hilo la 1967 ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote au kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Cheney angeishia getini. (Sisi wenyewe tukailegeza miiko hiyo kwa Azimio la Zanzibar la 1991, kwa hiyo tusicheke sana.)