Kaboni-14 haisemi mwili uliundwa lini

Wapo wanaodai kwamba zile mumia (maiti zilizokauka) za Nazca, Peru, ni viumbe wa sayari nyingine kwa sababu zilipimwa zikaonekana zina miaka 1,000. Hapana, "miaka 1,000" si ushahidi wa hilo. Kaboni-14, kipimo cha umri wa mabaki ya viumbe, inaonyesha aliyekuwa na kile kipande alikufa lini. Unganisha leo mifupa ya kale kwa gundi na bado utasoma miaka 1,000. UNAM, chuo kikuu cha Mexico kilichopima sampuli mwaka 2017, kilisema wazi baada ya miili hiyo kuonyeshwa katika Bunge la Mexico Septemba 2023: tulipima umri tu, asili yake hatukuitolea hitimisho.

Ukitaka kujua mwili kama huo ni wa kweli, anza na CT (picha za eksirei zinazoonyesha ndani) ya mwili mzima kabla ya kukata chochote. Tazama viungo: je, kichwa cha mfupa kinaingia kwenye kikombe chake? Kisha chukua sampuli za fuvu, mkono na mguu, kila moja kwa chombo chake, upime umri na DNA bila kuzichanganya. Epuka gundi: ya mafuta ya petroli haina kaboni-14, hivyo huongeza umri wa uongo. Na "DNA isiyojulikana" ni kawaida kwa mabaki ya kale; imekatikakatika na kujaa bakteria.

Wanasesere wawili wa umbo kama hilo waliokamatwa uwanja wa ndege wa Lima, Peru, mwaka 2023 walikutwa ni mifupa ya wanyama na binadamu iliyounganishwa kwa gundi ya kisasa. Kwangu hilo ndilo baya zaidi: mifupa hiyo ya watu ina kwao. Mwizi wa makaburi akishaing'oa, tabaka la udongo, vyungu na nguo vilivyoizunguka havirudishiki, hata utapeli ukifichuliwa.