Walioanguka ni watabiri, si kijana

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi, mpira wa Kimarekani nimeanza kuufuata juzijuzi. Ile drafti ya 2025 ya NFL, ligi yao kuu, pale timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, wachambuzi walikuwa washasema Shedeur Sanders, kwotabeki (yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi), atachukuliwa raundi ya kwanza, nikakesha mpaka saa tisa usiku ianze, raundi ikaisha jina halijatajwa, na siku ya pili pia kimya. Sasa hapa maskani kila mtu anasema jamaa ni galasa. Kwani wachambuzi walitudanganya ama kijana ndo hana kitu?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hilo neno galasa waambie waliache kwanza, manake huyo kijana hajakosea lolote hapo.

Drafti iko hivi: timu 32, raundi 7, iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndo ya kwanza kuchagua, na timu inaweza kuuza zamu yake hata usiku huohuo. Kwa hivyo mchambuzi akitaka kupatia raundi ya kwanza yote inabidi ajue daktari wa kila timu ameona nini kwenye goti la nani, kocha kampenda nani kwenye mahojiano, nani anataka kuuza zamu, na hizo ni siri, timu zinaficha na zingine zinavujisha uongo makusudi. Zamu moja ikibadilika zilizo nyuma zote zinavurugika. 2017 zamu ya Kansas City ilikuwa nambari 27, wakapanda mpaka 10 wakamchukua Patrick Mahomes, na mwaka huohuo Chicago walikuwa washapanda kutoka 3 hadi 2 kumfuata Mitchell Trubisky. Wote wawili makwotabeki, na leo nani hajui Mahomes ndo alikuwa mkali?

Sasa kukosea si dhambi, kinachoniuma mimi ni ile sauti ya uhakika. Mel Kiper, mchambuzi wa runinga ya michezo ya ESPN, yuko kwenye kazi hiyo tangu 1984, mwaka 2010 alimsifu kwotabeki Jimmy Clausen mpaka akasema hewani kwamba asipofanikiwa NFL yeye ataacha kazi. Clausen alichukuliwa raundi ya pili, hakufika mbali, na Mel bado yuko pale. Ndo huyohuyo 2025 akamweka Shedeur juu ya makwotabeki wote. Timu zikachukua makwotabeki watano kabla yake, hata Cleveland wenyewe walimchukua Dillon Gabriel raundi ya tatu ndo baadaye wakarudi kumchukua Shedeur raundi ya tano, nambari 144, na Mel akawa hewani anazilaumu timu.

Hebu niulize, ile raundi ya kwanza nani alimpa Shedeur? Ni midomo ya studio tu. Halafu aliposhuka vichwa vya habari vikaandika ameporomoka, kijana wa miaka 23 anaaibishwa dunia nzima kwa ahadi ambayo hakuitoa yeye, na waliotabiri wiki hiyohiyo washaanza orodha ya 2026. Hilo mimi silikubali kabisa. Kila mchambuzi kabla atoe orodha mpya aweke mezani ya mwaka jana, tuone alipatia wangapi, na kama ana shaka aseme nina shaka, manake hapa Malindi kuna vijana wanaweka mkeka kwa pesa ya chakula cha nyumbani sababu wamesikia mtu wa runinga anasema "hii ni hakika".

Na nambari kubwa isikutishe. Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akabeba Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara 7. Brock Purdy 2022 alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, na Februari 2024 alianza Super Bowl akiwa na San Francisco.

SWALI: Niko Langoni, Lamu. Je, kuna Mkenya aliyewahi kuingia NFL?

JIBU: Yupo, Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga, Indianapolis Colts wakamsaini 2013 bila kupitia drafti, akacheza mechi chache kabla ya kuachwa. Kwenye orodha za wale watabiri hakuwemo.