Upepo ukilala, kaa kitako

Tanga mbili ndiyo majira ninayoyapenda kwa mashindano yetu ya mashua za tanga. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, upepo unakuja kama mtu anayekupulizia chai. Siku za upepo mkali hushinda mwenye mashua nzuri. Siku hizi hata yetu kuukuu hupata nafasi. Tunatoka gatini Lamu hadi kijiji cha Shela na kurudi, mashua mbili tatu za marafiki, na atakayeshika mkia hununua mahamri ya wote.

Mahamri hayo nimeyanunua sana, kwa hiyo nisikilizeni.

Farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, iacheni pwani. Mifuko ya mchanga ni ya siku za pepo kali. Siku ya shwari mnasafirisha mchanga bure. Kumbeni na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya mashua, mpaka yaishe. Kisha kaeni upande linakolalia tanga, chombo kiiname kidogo. Kikiwa wima, tanga linaning'inia na kupigapiga kama nguo kambani. Kikiinama, uzito wake wenyewe unalifanyia tumbo, na kila pumzi ya upepo inapata pa kuingia. Kama ni la pamba, limwagieni maji: nyuzi zikilowa zinavimba na upepo haupenyi.

Halafu tulieni! Binamu yangu alikuwa kila dakika anasimama kuwatazama walio mbele. Akisimama, mashua inayumba na upepo kidogo uliokuwa tangani unamwagika wote. Sasa tunampa demani, kamba ya kukazia na kulegeza tanga, aishike, angalau ana sababu ya kukaa.

Kosa langu mimi lilikuwa usukani. Nilikuwa nauchezesha kama naendesha bodaboda, na kila ukiugeuza umekanyaga breki. Tena nilipenda kubana joshi, yaani kuuelekea mno upepo, ili nifupishe njia, mashua ikasimama kabisa. Legeza demani, kipe chombo mwendo kwanza, njia ndefu usiiogope.

Lakini kinachowamaliza wengi ni mkondo. Maji yakijaa huingia kwa Shela kuja mjini, yaani mkienda Shela yanawapiga usoni, na katikati ya mlango wa bahari ndiko yana nguvu. Jibanzeni kando, karibu na mikoko ya kisiwa cha Manda, bora mwangalie mafungu ya mchanga. Na msidanganywe na maji yanayopita ubavuni mkadhani mnakwenda. Chagua mnazi ufukweni na paa lililo nyuma yake. Vikianza kuachana kinyumenyume, mnarudi mlikotoka.

Jumamosi moja tuliona hivyo hivyo, Shela iko pale mbele na upepo umekata. Tukateremsha nanga polepole, kamba mkononi isipige kelele, tanga tukaliacha juu kama kawaida. Wenzetu walikuwa mbele yetu. Baada ya robo saa walitupita wakirudi nyuma, wakibishana nani aliyeharibu. Mmoja akaiona kamba ya nanga, akatutukana mpaka sauti ikapotea upande wa mjini.

Mahamri ya siku ile yalikuwa na mbaazi.