Mtoto akisema "naenda kwa papa", juje (hakimu) anafanyaka nini?

Yaya, umeuliza kama kijana wako wa miaka 12 akisema anataka kuhamia kwa papa yake Kampemba, ku Lubumbashi, juu muliachana, basi imeisha. Hapana, haiishe hivyo. Sheria ya Kongo (RDC) ya 10 januari 2009 ya kulinda mtoto inamupa haki ya kutoa mawazo yake, na wanayapima kufuatana na miaka na akili yake, lakini juje ndiye anakata, na anaangalia faida ya mtoto si hasira yenu wazazi: nani analipaka minervali (pesa ya masomo), nani anamupelekaka ku hospitali usiku, ndugu zake wanabakia wapi. Akisema "kwa papa kuko televizio kubwa na hakuna kuchota maji", ile juje ataicheka tu. Akisema muke wa papa anamupigaka, ile wataichunguza. Alafu tafazali usimufundishe maneno ya kusema kule, watoto wanakwama ku swali ya pili tu na wewe ndiye utaonekana mubaya. Tena hata akibakia kwako, papa yake anaendelea kutoa pesa ya chakula na masomo, asikudanganye.