Kujilinda kwa mpigaji wa kwanza si kupoteza muda

Ndugu, umeuliza mpigaji wa kwanza katika kriketi, yaani anayefungua zamu ya timu yake kupiga, akipata mikimbio (alama) 20 tu kwa mipira 100, ameisaidia nini timu hiyo katika mechi ya testi, ile ya siku tano. Amesaidia sana. Mpira mpya ni mgumu, mshono wake bado umeinuka na ngozi yake inang'aa, kwa hiyo hupinda hewani na kubadili njia unapogonga ardhi. Kadiri unavyosuguka ndivyo unavyolainika, na warushaji wa kasi nao huchoka, hata anayeingia nafasi ya nne au ya tano akakuta kazi nyepesi zaidi. Mpira mwingine mpya hauruhusiwi mpaka ova 80 zipite, kila ova ikiwa mipira sita.

Mtazame anapouacha mpira upite: huinua gongo juu, macho yakiufuata mpira hadi kwenye glavu za mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma yake, na mpigaji hawezi kuthubutu hivyo asipojua barabara viko wapi vijiti vyake, ambavyo mpira ukiviangusha anatolewa. Huo ni ufundi, wala si woga.

Mwaka 1995 mjini Johannesburg, Michael Atherton wa Uingereza, mpigaji wa kwanza, aliwakabili Afrika Kusini kwa mipira 492, karibu saa 11, akabaki na mikimbio 185 bila kutolewa, na mechi iliyoonekana kupotea ikaisha sare kwa kuwa muda ulikwisha. Mwenzake Jack Russell alikabili mipira 235 akapata mikimbio 29 tu, na kwangu mimi 29 hiyo ina uzito kuliko mamia mengi (yaani mikimbio 100 ya mpigaji mmoja) yaliyopatikana kwa haraka.